Waya wa Nyumba Mbili

Baba yangu, mzee Malale, alikuwa mtu wa haki hadi akawa kero. Gunia la mpunga likishuka nyumba kubwa, na la nyumba ndogo linashuka siku hiyo hiyo. Akimnunulia mama kitenge, mama mdogo Josefina naye anapata, tena cha rangi ile ile, ndiyo maana Jumapili walikuwa wanachunguliana kwanza kupitia ua wa minyaa uliotenganisha nyumba zao wasije wakatoka sare. Hivyo ndivyo alivyolelewa kwao Usukumani, kwamba mwenye wake wawili ana mizani mkononi mpaka anakufa, na alipohamia Mpanda na ng'ombe wake alihama na mizani hiyo. Basi simu ya mezani ilipofika mtaani kwetu Misunkumilo, tukapewa laini moja, unadhani alifanyaje? Aliukata waya kwenye nguzo ya getini, nje kabisa, akauunga upya ukawa na matawi mawili: moja kwa mama yangu Minza, la pili ng'ambo ya minyaa kwa Josefina. Simu ikiita, inaita nyumba zote mbili kwa pamoja. Hakuna mke aliyepokea habari kwa mkono wa mwenzake.

Tawi hilo ndilo alilolikuta fundi wa kampuni ya simu alipokuja kupima laini yetu.

Nilimwita mimi. Nilikuwa nimepata kazi ya kuwahudumia wateja wa bima nikiwa nyumbani, kwa intaneti, nikae na mama ambaye macho yake siku hizi yanatofautisha mchana na usiku, basi. Waajiri wangu walikuwa na sharti moja: intaneti iwe ya waya, tena ya spidi kubwa, kwa sababu kwa ile ya simu ya mkononi walinisikia kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. Nikishindwa, nikakae ofisini kwao Dodoma. Na mama abaki na nani?

Fundi mwenyewe, Celestin, alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi. Alichomoa simu ya mama, akachomeka kipimo chake, akatoka mpaka getini, akarudi anatikisa kichwa.

"Dada Matilda, umbali hauna shida. Toka kituo cha simu cha Kashaulili mpaka hapa si mbali, spidi mnayotaka ingefika. Shida laini yenu ina tawi. Mawimbi yakifika pale getini yanagawanyika. Yale ya kule yanagonga mwisho, yanarudi, yanayavuruga haya ya kwako. Na viungio vyenyewe vimeshaoza."

"Ukikata tawi?"

"Nikikata, spidi unaipata leo leo."

Kama ni mimi peke yangu ningesema kata. Sijisifu kwa hilo. Lakini mwisho wa tawi lile ilikuwepo simu ya Josefina, na mwisho wa simu ile alikuwepo Ponsian.

Ponsian ni mtoto wake wa pekee. Alivuka ziwa kwenda Kongo kutafuta dhahabu, na tangu avuke amepiga mara moja tu. Laini ikakatika kabla hajasema yuko wapi. Namba aliyonayo kichwani ni hiyo moja ya nyumbani, aliyokaririshwa utotoni ili akipotea sokoni aisome kwa watu. Josefina ana simu yake ndogo ya mkononi, lakini mtoto haijui namba yake. Kwa hiyo kila akiamka, kabla hata ya kusali, ananyanyua ile ya mezani asikie kama bado inanguruma. Mtaa mzima unajua, na mtaa mzima umeshaacha kumcheka.

Celestin alifikiri kidogo, akasema ipo njia. Atakata tawi la getini, ataweka kisanduku cha kichujio na ruta, cha kutenganisha simu na intaneti, sebuleni kwa mama yangu, halafu atatoa waya mpya kutoka humo ndani mpaka kwa Josefina. Simu ya kule itaita kama kawaida, na intaneti haitavurugwa. Nilifurahi nikataka kumkumbatia. Kumbe jambo lenyewe ni waya wa kuzunguka ua! Nikatoka mbio kumwita mama mdogo.

Alikuja. Tangu msiba wa baba, wake hawa wawili walikuwa hawajasemeshana, wala Josefina hakuwahi kukanyaga kwetu. Nilimpa kigoda hakukikalia. Alisimama barazani, kitenge kimefungwa kifuani, akamsikiliza Celestin mpaka mwisho.

"Kwa hiyo waya wangu utatokea ndani kwake?"

"Sebuleni, mama."

"Akiuchomoa?"

Celestin alikohoa. "Simu yako itanyamaza."

Mama alikuwa ndani, ameketi karibu na dirisha. Akacheka. "Mwambieni nitauchomoa kila nikiamka, ndiyo itakuwa dawa yangu ya mgongo!"

Ulikuwa utani. Wasukuma hatuwezi kunyamaza panapostahili kunyamaziwa. Josefina hakucheka.

"Siutaki," alisema. "Acheni kama ulivyo."

Hapo nilipandwa na hasira, na niliiachia. "Mama mdogo, na mimi niende Dodoma nimwache mgonjwa? Nani hapa atakuficha simu ya Ponsian? Nyie mnatuona sisi watu wa namna gani?"

"Wewe hukuwepo, mwanangu. Ulikuwa chuoni." Hakupandisha sauti. "Baba yako alikata roho asubuhi, humo ndani, kwa mama yako. Ilikuwa zamu yake, sikatai. Mimi nilikuwa hapo ng'ambo nachagua mchele wa kumpikia uji. Minyaa tu katikati. Hakuna aliyekuja kuniita. Nikanyanyua simu nimpigie katekista aje amwombee mgonjwa. Nikamkuta mama yako yuko kwenye laini, anawaambia shemeji zake Shinyanga kwamba mzee ametutoka. Halafu akasema, yule wa pili asiambiwe kwanza. Mchele ulikuwa bado uko mkononi. Mume wangu nimeambiwa na waya, Matilda. Bila ule waya ningempikia uji maiti."

Nilimgeukia mama. Nilimsubiri akanushe, nilitamani sana akanushe, hata kwa uongo. Celestin alianza kukusanya vifaa vyake, taratibu, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

"Ni kweli," mama alisema kutoka dirishani. "Miaka yote nimemgawa. Sahani nimegawa, siku nimegawa, hata homa zake nilikuwa naziuguza kwa zamu. Nikasema leo asubuhi hii awe wangu mwenyewe. Nimlilie peke yangu kidogo, kabla hujaja."

"Ungeniambia hivyo, dada."

"Ningekuambia, ungekaa kwako?"

Mimi nilitaka mmoja wao alie ili na mimi nipate kulia, lakini wote walikuwa wakavu.

Kisha mama akaita. "Fundi! Hicho kisanduku kinaweza kukaa kwake?"

"Kinaweza, mama. Ni kugeuza tu."

"Kigeuze. Kikae kwake, na waya wa kwangu ndio utokee kwake. Matilda atakwenda kufanyia kazi huko huko."

Nikapinga. Mama anaijua simu yake kwa vidole. Vile vitufe vikubwa ndivyo anavyopigia wajomba zangu, kwa sababu kioo cha simu ya mkononi hakimwambii kitu. Ikikatwa huko kwa mama mdogo, mama amekatwa na kwao.

"Nimesema," alijibu. "Nyumba ni yangu na simu ni yangu."

Celestin alifanya kazi yake. Akakata kiungio cha baba kwenye nguzo, akapeleka laini moja nzima kwa Josefina, akafunga kisanduku ukutani. Alipopima tena alitabasamu kwa mara ya kwanza: spidi imefika, na imepita. Waajiri wangu wakajaribu hapo hapo wakasema wananisikia vizuri kabisa. Kisha akachukua bunda la waya mpya, akauliza apitie upande gani kwenda kwa mama.

Josefina alikuwa amesimama karibu na kisanduku, mkono juu yake.

"Huo wa kule," alisema, "ngoja kwanza."

Celestin akanitazama. Nikatazama sakafu. Ile ilikuwa nyumba yake.

Mpaka leo waya wa mama bado unangoja. Kila siku nazunguka kwa getini naingia kwa mama mdogo, naweka vifaa vya masikioni, naanza kazi. Ananipikia chai ya tangawizi, ananiwekea mto wa kukalia, ananiita mwanangu, na wema wake unaniuma kuliko kama angenitukana. Siku moja nilimuuliza haki iko wapi, akasema haki aliondoka nayo baba yako. Ponsian hajapiga. Ikiita ni mtu wa kampuni ya simu anataka kujua kama tumeridhika na huduma, na Josefina anasikiliza mpaka mwisho, asije akawa ni mwanawe anayetania.

Jioni narudi kwetu. Simu ya mama iko palepale mezani, kimya, na yeye anasikia nyayo zangu tangu getini. Kila siku najiandaa aniulize habari ya waya wake, nimetunga hadi majibu. Hajawahi kuuliza.

"Ponsian amepiga?" ananiuliza.

"Bado, mama."

Anatikisa kichwa, ananiambia naweni mikono tule, kana kwamba tumeingia wengi.