Ushuhuda wa Mkopo

Mama Clotilde hakuwahi kushindwa na kipaza sauti. Akipewa nafasi ya kutoa tangazo dogo tu, kanisa zima linajua kwamba chakula cha mchana kitaliwa jioni. Lakini Jumapili ile baada ya Pasaka alipita kiasi. Alisimama mbele ya waumini, pale kanisani kwao Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili na kutoa ushuhuda wa jambo ambalo halijatokea.

"Bandugu, Bwana asifiwe! Munajua mutoto yangu Arielle, ule wa ku chorale. Shetani alimuchafulia uso na ba-bouton. Lakini minye nasema kwa imani: siku ya action de grâce, mu mwezi wa munane, atasimama hapa mbele, na uso yake itakuwa inangaa sawa sahani. Nilisha kupokea!"

"Amina!" kanisa likaitikia. Nani angethubutu kutoitikia?

Mwenye uso wenyewe alikuwa nyuma kabisa ya kwaya, amejificha kwenye mgongo wa Alexis, mpiga gitaa la besi, mgongo mpana kama mlango wa ghala. Hakuna aliyemwuliza. Alihisi masikio yakiwaka moto. Mama amechukua uso wa mtu mwingine, akauweka rehani mbele ya Kikula yote! Ushuhuda wa mkopo huo, na siku ya ibada ya shukrani atakayedaiwa si mama, ni yeye.

Msidhani Arielle alizaliwa kukaa nyuma ya mgongo wa mtu. Yeye ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya kwaya ile. Na watu wa Likasi wakiguswa na mwimbaji hawaridhiki na makofi. Wanatoka kwenye viti wakicheza, noti mkononi, wanambandika kwenye paji la uso, na jasho linaishika noti. Ni heshima kubwa kutuzwa hivyo. Arielle alizoea kumaliza wimbo akiona kwa jicho moja, jingine limezibwa na faranga.

Kisha chunusi zikaja. Mwanzoni zilikuwa chache, za umri tu, zingejiendea zenyewe. Lakini Clotilde ana mikono isiyotulia. Kila jioni alimkalisha binti yake mlangoni penye mwanga, akazikamua kwa kucha. Akapaka limau. Akapaka dawa ya meno. Mwisho akanunua kikopo cha krimu kwa Maman Marlène, jirani yao, muumini mwenzao na muuza vipodozi. Kikopo chenyewe hakikuwa na jina wala maandishi. Kwa majuma machache uso ukawa laini na mweupe, Clotilde akatamba nao soko zima. Halafu ukalipuka. Mashavu yakajaa vijipu, na kila kimoja kilipokauka kiliacha doa jeusi au kitundu.

Jumapili moja Arielle akiimba, Maman Marlène huyohuyo akaja akicheza na noti yake. Akainua mkono. Akauona uso ule kwa karibu, mkono ukasita hewani, kisha akaibandika noti begani. Waliomfuata nao wakabandika begani. Arielle aliumaliza wimbo bila kukosea hata neno, maana si mtu wa kukosea, lakini moyoni kitu kilivunjika. Jumapili iliyofuata akahamia nyuma ya Alexis.

Sasa, baada ya ule ushuhuda wa mama, hasira ndiyo iliyompeleka kituo cha afya. Muuguzi aliyemkuta anaitwa Danielle, mwanamke wa maneno machache. Alimgeuza kuelekea dirishani, akamtazama bila kumgusa.

"Nani alikukamua hivi?"

"Mama."

"Na crème ya kupausha, nani alileta?"

"Mama."

"Basi dawa ya kwanza, tutafunga mama mikono." Danielle akacheka, Arielle naye akacheka, kitu ambacho hakukitarajia siku ile. "Ile crème ya kupausha, acha. Kama unaacha, mwanzo uso itakasirika, usiogope. Asubui na mangaribi, osha na maji na sabuni ya kawaida yenye haina parfum. Usisugue, uso haiko sufuria. Ku pharmacie kuko katube kamoja, nitakuandikia jina, unapaka kidogo tu mangaribi. Na usiguse uso na mikono chafu, ata weye mwenyewe."

"Na haya madoa?"

"Madoa, adui ni jua. Crème ya jua ni ya bei, najua. Vaa kofia. Kofia kubwa."

"Na hii tutundu?"

Danielle hakumficha. "Ba-bouton itaisha. Madoa itapunguka pole pole. Tutundu tungine tutabakia."

"Lakini mama alishuhudia, mu mwezi wa munane..."

"Uso haijui calendrier ya kanisa," Danielle akasema.

Katube kale kalikuwa kadogo kweli, na bei yake Arielle aliweza kuitoa kwenye akiba yake ya kuuza unga. Sabuni ilikuwa rahisi zaidi. Tatizo lilikuwa kofia. Meza yao ya unga wa mahindi iko sokoni Kikula, juani, mahali ambapo malori yakipita yanaacha vumbi la kutosha kupanda mihogo. Kofia nzuri za dukani zilikuwa za kutazamwa tu. Nyumbani ilikuwepo moja: ya majani, pana kama ungo, ambayo babu yake, Kambo Barnabé, aliisahau alipokuja kuwatembelea kutoka Kapolowe. Kofia ya kulimia.

Msichana wa Likasi mwenye akili zake timamu havai kofia ya kulimia mjini. Arielle akaivaa.

Siku ya kwanza soko lilipata burudani ya bure. "Kambo Barnabé!" mwuza nyanya aliita. "Shamba iko namna gani kule Kapolowe?"

"Mahindi inaota, mama," Arielle akajibu. "Sasa, unanunua bunga ao unanunua habari?"

Mwuza nyanya akanunua unga. Kufikia mwezi wa sita jina la Kambo lilikuwa limemkaa, na wateja walikuwa wakielekezana: unga mzuri uko pale kwa kofia. Kejeli ikageuka kibao cha biashara.

Nyumbani vita vilikuwa vingine. Mara ya kwanza Clotilde alipoinua kucha kuelekea shavu la binti yake, Arielle alimshika mkono katikati ya safari.

"Mama, mikono."

"Kamoja tu! Kale kamekomaa, kanaita!"

"Mikono, mama."

Neno hilo likawa wimbo wa nyumba. Asubuhi, mikono. Jioni, mikono. Clotilde akajifunza kukaa mlangoni amevikalia viganja, uso wa mwanawe mbele yake na majaribu tele. Hata Shetani wa jangwani hakumjaribu mtu hivyo, alisema.

Kisha likaja jambo la kitenge. Arielle alikuwa akijifunika usiku kwa kitenge cha mama yake, kile cha bluu cha sikukuu, na asubuhi moja Clotilde alikuta upindo wake umepauka, madoa meupe mahali uso wa binti ulipolala. Aliangua kilio kama amefiwa.

"Ile dawa inakula pagne! Inakula rangi ya wax! Utaniambia haitakula uso?"

Arielle mwenyewe aliogopa. Alirudi kwa Danielle na kitenge mkononi, Danielle akamweleza kwamba dawa ile kweli hupausha nguo, basi alalie kitambaa cheupe, lakini ngozi haiitendi hivyo. Aliporudi alimkuta mama yake bado analalamika.

"Mama," alisema, "crème ya Maman Marlène haikukula ata pagne moja. Ilikula uso."

Clotilde akanyamaza. Kwa wanaomjua, hilo peke yake lilitosha kuitwa muujiza.

Baridi ya mwezi wa sita ikapita, vumbi la mwezi wa saba likaja. Kwanza uso ulikasirika kama alivyoambiwa, na kuna siku Arielle alilia akataka kutupa kila kitu. Hakutupa. Aliosha, akapaka kidogo, akavaa kofia. Polepole vijipu vikaacha kuzaliwa. Madoa yaliyokuwa meusi yakawa ya kahawia, yakaanza kufifia pembeni. Siku moja alijitazama kwenye kipande cha kioo, akaona mashavu yametulia. Vitundu vilikuwepo, vinaonekana wazi jua likipiga upande. Lakini ule ulikuwa uso wake, na aliurudisha yeye mwenyewe, kwa sabuni na ukaidi. Alijivunia. Tangu siku hiyo akawa anauza unga huku anaimba.

Mama yake hakuona hivyo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Clotilde aliyavulia mbele ya kanisa. Jumamosi ya kuamkia ibada, Arielle alipoingia chumbani kuchukua sare ya kwaya, alikuta juu ya kitanda kikopo kisicho na jina. Mama alisimama nyuma yake, mikono mgongoni.

"Ni ya leo tu, ma fille. Na ya kesho asubui. Itafunika. Kisha unaacha."

Arielle alikishika kikopo. Tusimfanye malaika: alikifungua, akakinusa. Alijua kitafanya kazi. Kwa siku moja uso utakuwa sahani, noti zitarudi kwenye paji lake, na mama hatachekwa. Na asipopaka, pengine kesho noti zitabandikwa begani tena, safari hii mbele ya wageni wote wa ibada ya shukrani. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote.

Akakifunga.

"Mama, ulishuhudia uso yenye minye sina. Kesho natoka na yenye niko nayo."

"Batanicheka!" Clotilde akaanza kulia, machozi ya kweli. "Banasubiri tu!"

"Bacheke. Siku ya kazi batakuja kununua bunga."

Siku ya ibada watu walikuwa wengi hata ikabidi ifanyike uani. Wazee walipata hema, kwaya ikapata jua. Na Mama Clotilde, kwa mara ya kwanza tangu aokoke, alikaa benchi la mwisho kabisa, kitambaa kimeshushwa mpaka nyusi.

Pasteur Éphraïm alikuwa na kumbukumbu mbaya ya kila kitu isipokuwa ahadi za watu. "Mama Clotilde alitushuhudia kitu hapa," alisema. "Arielle iko wapi?"

Arielle akatoka nyuma ya mgongo wa Alexis. Alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi barabara, na juu yake kofia ya Kambo Barnabé. Watu wakacheka, wa sokoni wakapiga vigelegele. Akafika mbele, akavua kofia, akaishika mkononi. Jua la saa tano likampiga shavuni, na kila aliyetaka kuona aliona.

"Mama alisema uso yangu itangaa sawa sahani," alianza. Sauti haikutetemeka. "Bandugu, sahani ya kwetu yote iko na alama, na kila siku tunakulia mule mule."

Kicheko kikazuka, cha kheri.

"Ba-bouton ilitoka. Mungu asifiwe. Na infirmière Danielle asifiwe, na sabuni, na hii kofia. Tutundu tulibakia. Ni twangu. Sasa muniachie niimbe."

Akaimba. Sauti iliyokaa mafichoni muda wote ule ilitoka kama ilikuwa na deni na watu, na kabla ya ubeti wa pili wazee wote hemani walikuwa wima. Wa kwanza kutoka alikuwa Maman Marlène, anacheza, noti juu. Arielle alimwona akija. Aliuona mkono ukiinuka, safari hii bila kusita, moja kwa moja kuelekea paji la uso. Alikuwa ameusubiri mkono ule.

"Maman Marlène, mikono!"

Sauti hiyo haikuhitaji kipaza. Clotilde alikuwa anakuja mbio kutoka benchi la mwisho, kitenge kinamvuka, kitambaa cha kichwa kimebaki njiani. Alijitupa kati ya noti na paji la mwanawe, akaipokonya kofia mkononi mwa Arielle na kuipindua juu chini.

"Ku uso ya mutoto yangu, hapana! Feza iko na buchafu ya soko yote! Tulichunga hii uso tangu Pasaka! Mu kofia, bandugu, mu kofia!"

Tulichunga! Arielle nusura akose kiitikio kwa kucheka. Maman Marlène akaitia noti yake kwenye kofia, akacheza kurudi. Wengine wakafuata, wakizunguka mama na binti, na kila aliyejisahau akanyoosha mkono juu alikutana na jicho la Clotilde.

Kofia ikawa nzito. Clotilde aliishikilia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuinua juu ya uso wa binti yake, kiganja kimefunguliwa wazi, kinazuia jua, bila kuugusa. Akabaki hivyo mpaka wimbo ukaisha.