Ndewe za Susana

Nje ya chumba cha upasuaji palikuwa na benchi la kijani, na nafasi yake ya mwisho, upande wa ukutani, haikukaliwa na mtu kwa karibu miaka miwili. Muuguzi Phanice aliwaambia wagonjwa kwamba mguu wa benchi umelegea upande ule. Haukuwa umelegea hata kidogo. Pale ndipo sauti ilipotokea.

Kila Agosti Daktari Kerosi alikuja kutoka Nairobi kwa majuma mawili, kwenye hospitali hii ndogo ya misheni upande wa Homa Bay, kurekebisha sura za watu. Alishona midomo iliyopasuka tangu kuzaliwa, akalainisha makovu ya moto wa koroboi, na akarudisha ndewe za wazee wa Kikuria, zile ncha za masikio zilizotogwa ujanani na kunyooshwa hadi zikaning'inia karibu na mabega. Sehemu iliyozidi aliikata, iliyobaki akaiunga. Mikono yake ilikuwa na baraka, lakini maneno alikuwa nayo machache. Kazi ya maneno aliachiwa Phanice, binti wa kutoka Sindo, ambaye ulimi wake haukujua likizo.

"Itauma?" wagonjwa walimuuliza.

"Sindano ya ganzi itauma kidogo. Baada ya hapo utasikia tu unavutwa."

"Kovu litabaki?"

"Litabaki, jembamba. Kama ngozi yako huota makovu manene, sema sasa, usitufiche."

"Nitakuwa mrembo?"

"Kwani umekuja ukiwa mbaya?"

Hapo benchi zima lilicheka na hofu ikapungua. Phanice alijua kujibu, na alijua kwamba anajua. Hicho ndicho kilichomponza.

Mwaka wa tisini na tano alikuja mama mmoja kutoka Migori, karibu na mpaka, jina lake Susana Robi. Hakuuliza habari za maumivu wala kovu. Aliuliza jambo moja tu: "Sista, vipande yangu mtapeleka wapi? Mimi nataka kuzikwa nayo."

Daktari alikuwa amekwisha vaa glavu. Phanice akajibu haraka, apate kumwingiza: "Nitakuwekea, mama. Utapewa siku ya kutoa nyuzi."

Alisema hivyo ili kumtuliza. Vipande viliingia kwenye ndoo pamoja na pamba na damu, ndoo ikaenda kwenye tanuri la taka nyuma ya hospitali, na jioni vilikuwa majivu. Siku ya kutoa nyuzi, Susana akanyoosha kiganja. Phanice akamwomba asubiri, akakimbia jikoni ambako mbuzi alikuwa amechinjwa, akakata vipande viwili vya ngozi, akavikwangua manyoya, akavipaka chumvi na kuvifunga kwa bandeji. Susana alivipokea kwa mikono miwili. Alimtazama Phanice kwa muda, akasema asante, akaenda zake.

Miezi minne baadaye habari zilifika kwamba Susana amefariki kwa homa. Juma lile lile, saa saba mchana, wagonjwa wakiwa wamekwenda kula, Phanice akasikia mtu akiuliza kutoka mwisho wa benchi: "Sista, vipande yangu iko wapi?"

Aligeuka. Benchi lilikuwa tupu.

Tangu siku hiyo sauti ilikuja saa hiyo hiyo, si kila siku, lakini mara za kutosha kumnyima mtu amani. Haikufoka wala haikulia. Iliuliza kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyomtesa Phanice. Alimwendea padre akaombewa, ila dhambi yenyewe hakuitaja. Aliona aibu. Alikonda, na wenzake wakasema ni sukari.

Agosti ya tisini na saba ikafika, na katika foleni akatokea mama mwenye ndewe ndefu zilizokunjwa juu ya masikio. Alilipita benchi zima, akaketi pale pale mwisho.

"Mama, hapo mguu umelegea," Phanice alisema.

"Haijalegea. Iko sawa." Mama alijiweka vizuri. "Mimi naitwa Bhoke. Susana Robi alikuwa dada yangu. Mtoto yangu anaoa Nakuru mwezi wa kumi na mbili, sitaki watu ya huko waangalie masikio waache bibi arusi. Lakini kwanza nauliza ile kitu dada aliuliza. Vipande yangu itaenda wapi?"

Phanice alijua jibu ambalo lingemwokoa. Angesema tu, "Nitakuwekea, mama," na Bhoke angeingia ndani.

"Vitachomwa, mama," alisema badala yake. "Hata vya Susana vilichomwa. Nilimdanganya. Nilichompa kilikuwa ngozi ya mbuzi."

Bhoke hakushtuka. Alifungua fundo la leso yake, akatoa kifurushi cha bandeji iliyogeuka rangi ya chai, akakiweka mkononi mwa Phanice.

"Bwana ya Susana alikuwa anachinja nyama Migori," alisema. "Susana mwenyewe amechuna mbuzi miaka thelathini. Wewe unafikiri hangejua ngozi ya mbuzi?"

"Uwi! Kwa nini hakusema?"

"Alisema kwangu. Aliniambia huyu msichana ameogopa, nikimwaibisha mbele ya watu atafukuzwa kazi. Alipokuwa anakufa alikataa kuzikwa na hii. Akasema, nenda umrudishie, na umuulize tena. Pengine sasa atasema kweli."

Machozi yalimshuka Phanice bila kumuomba ruhusa. Alikishika kifurushi, kikavu na chepesi, akaingia kwa daktari bila kubisha hodi.

"Daktari, mgonjwa anataka kwenda nyumbani na vipande vyake vya ndewe. Inawezekana?"

Daktari Kerosi aliendelea kunawa mikono. "Kwa nini isiwezekane? Ni vyake. Tia kwenye chupa ya spiriti, andika jina."

"Hata mwaka ule ingewezekana?"

"Mwaka wowote. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Phanice akaenda kutafuta chupa. Miaka yote ile alikuwa akijibu maswali ya watu, na moja tu, ambalo lingechukua muda wa kufumba na kufumbua, hakulipeleka kwa mwenye jibu.

Bhoke alipasuliwa siku hiyo. Phanice mwenyewe alishika bakuli la kupokelea vipande, akavitia vyote viwili kwenye chupa mbele ya macho ya mgonjwa, akamkabidhi hata kabla ganzi haijaisha. Bhoke aliitikisa chupa kidogo, akavihesabu, akaifunga ndani ya leso.

Kesho yake saa saba mchana, wagonjwa wakiwa wamekwenda kula, sauti ilikuja kutoka mwisho wa benchi. "Sista, vipande yangu iko wapi?"

Phanice hakukimbia. Alikwenda akaketi kando ya nafasi ile, kifurushi cha ngozi ya mbuzi mapajani.

"Nilivichoma, mama," alisema. "Havipo tena. Nisamehe."

Alingoja. Hakuna aliyejibu, na hata leo hajui kama alisamehewa.