Maua Mdomoni mwa Shimo

Mwaka huo mvua iliikumbuka Atacama, jangwa kavu la kaskazini mwa Chile. Ilipofika Septemba, jangwa lote kutoka mji wa Vallenar hadi pwani lilikuwa limevaa maua, zambarau kwa njano, mpaka watu wakawa wanasimamisha magari barabarani kushangaa. Nolberto Araya, mpiga picha wa harusi na ubatizo, akatangaza mafunzo ya siku moja. Waliojitokeza wote walikuwa wanawake, na mmoja wao alikuwa Yasna, muuguzi mstaafu, aliyeburutwa na shoga yake Edelmira.

"Ukibaki nyumbani utaongea na nani, paka?" Edelmira alimwambia. "Twende bwana, maua hayamsubiri mtu."

Waliposhuka garini asubuhi ya mafunzo, chini ya kilima kimoja, Nolberto aliwakusanya kabla hawajafungua mikoba yao.

"Sikilizeni, akina mama. Huku wazee wetu walichimba dhahabu, ilipokwisha wakaondoka zao. Mashimo waliyaacha wazi, na mwaka huu maua yameota mpaka midomoni mwake. Mtu asirudi kinyumenyume jicho likiwa kwenye kamera. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu!" wakaitikia kama watoto wa shule.

"Shimo likinimeza mimi," akasema Edelmira, akijipigapiga kiuno kipana, "litavimbiwa."

Wakacheka, hata Nolberto.

Yasna alikuwa amelala kifudifudi akipiga picha mdudu juu ya ua alipohisi baridi shingoni. Aliinua kichwa. Kilima kilikuwa kimetoweka. Akageuka kulitazama gari, nalo halikuwepo. Ukungu wa baharini, ule ambao wenyewe huuita camanchaca, ulikuwa umewafunika kimyakimya kama shuka juu ya maiti.

"Kila mtu aketi alipo!" Sauti ya Nolberto ilitoka pande zote kwa pamoja. "Nitaita majina, muitike!"

Akaita, wakaitika mmoja mmoja. Edelmira alikuwa wa mwisho.

"Nipo! Nakuja huko kwenu!"

"Usije! Keti!"

Kukasikika udongo ukiporomoka, kisha mayowe yaliyokatika ghafla. Jiwe moja likaanguka, likagonga, likaendelea kugonga, na Yasna akangoja litue. Mlio ukafifia tu hadi ukaisha, asijue kama jiwe limefika chini.

Alianza kutambaa. Kila hatua alitanguliza kiganja, akakandamiza ardhi, ndipo akasogeza goti. Mikono ikapapasa maua, maua, maua, kisha hewa.

"Edelmira!"

"Usisogee, shoga." Sauti ilitoka chini, nyembamba kama ya mtoto. "Nimekalia gogo la wachimbaji. Linalia."

Yasna akajilaza na kunyoosha mkono shimoni, lakini hakugusa kitu. Harufu ya udongo wa kale ikampanda puani.

"Mwalimu! Yuko shimoni! Leta kamba!"

"Ninayo ya kuvutia gari! Wengine msiinuke! Dada Yasna, endelea kuongea, nifuate sauti yako!"

Aongee nini?

"Nikienda," Edelmira akaanza, "mwambie mwanangu..."

"Utamwambia mwenyewe. Unaikumbuka keki uliyoiunguza siku ya ubatizo wake?"

"Nani kaunguza? Oveni yako ndiyo mbovu!"

"Oveni yangu? Wee! Mbona mkate wangu hauungui?"

Wakabishana hivyo, Edelmira akilia, huku Nolberto akija kwa magoti, akichokoachokoa ardhi kwa stendi ya kamera. Tik, tik, tik. Kisha mlio ukakoma.

"Mwalimu?"

Yasna akainua kichwa, akatega sikio.

"Nolberto!"

"Hapa pana jingine," akasema taratibu. "Subiri nilizunguke."

Yasna alifumba macho, ingawa akiyafumba au akiyafumbua aliona weupe uleule. Alikuwa akimwita mtu wa watu kupitia katikati ya makaburi, na sauti yake ndiyo iliyokuwa njia. Je, akimpoteza? Kitu kilipomshika kifundo cha mguu alipiga yowe.

"Ni mimi, dada. Ni mimi."

Walifunga kitanzi, wakakiteremsha. Edelmira akakipitisha makwapani. Wakavuta hadi viganja vikachubuka. Kichwa kilipochomoza ukingoni, gogo likavunjika na kwenda zake gizani. Wakamburuta mbali, wakalala wote watatu wakihema. Yasna akamkagua Edelmira mbavu na miguu, kazi ambayo mikono yake iliijua. Hakuvunjika popote.

Hawakuthubutu kutembea. Walikaa wameshikana mpaka jua likaupasua ukungu karibu na adhuhuri.

Ndipo walipoona. Mashimo yalikuwa kila upande, mengine mapana kama kisima, mengine yamezibwa na maua ya zambarau yaliyokuwa yakicheza kwa upepo. Na nyayo zao za asubuhi, walipopita wakitaniana na kusukumana, zilikuwa zimepita kando ya mojawapo. Nyayo za Yasna zilikuwa karibu na ukingo kiasi kwamba nusu ya kisigino ilikuwa imekwisha kuporomoka.

Akamvuta Edelmira mbali nazo.

Walirudi garini kwa mstari, Nolberto mbele akipima ardhi. Edelmira alimshika Yasna mkanda wa suruali kwa nyuma, na hakuuachia hata garini, mpaka Vallenar.