Nyenje wa Karavati Mbili

Siku ya kwanza ya likizo ndefu, Phailin alipanda juu ya benchi la jikoni, akakohoa kama mwalimu mkuu wa shule yake ya bweni, kisha akatangaza:

"Kuanzia leo, familia hii tukufu haitanunua tena nyama sokoni. Italishwa na nyenje wangu!"

"Shuka," alisema bibi yake, Khamfong. "Umekanyaga wali."

Mjomba Bunthom alicheka hadi akapaliwa. Naye alizitaka karavati mbili za saruji, zile pete kubwa za kujengea mifereji, zilizolala bure nyuma ya nyumba, afugie vyura. Bibi, mwenye karavati, alikata shauri: siku arobaini na tano. Phailin akileta kilo moja ya nyenje aliowafuga kwa mikono yake, karavati zote ni zake. Asipoleta, vyura wahamie.

Siku ya ishirini, karavati ya kwanza ilinyamaza kabisa. Kabichi ya sokoni aliyowapa nyenje ilikuwa imepigwa dawa ya kuua wadudu, na dawa ilitimiza wajibu wake kwa uaminifu mkubwa.

"Pole, mpwa wangu," alisema mjomba. "Tuwaimbie nyimbo za msiba, au nikalete vyura?"

"Lete tu, mjomba. Utawafuga mfukoni."

Phailin akalia kidogo nyuma ya nyumba, akafuta kamasi, akafagia maiti. Karavati ya pili bado ilikuwa hai. Aliibandikia utepe mpya unaoteleza ukingoni ili nyenje wasipande, akaizungushia mfereji wa maji ili sisimizi wasivuke, akapanda mchicha wake mwenyewe kando ya kisima. Tangu siku hiyo nyenje hawakuonja jani ambalo yeye hakulimwagilia. Zilipobaki siku tatu akawaondolea chakula cha kuku walichozoea kula, akawapa boga tupu, kama kijiji kizima kifanyavyo, ili nyama yao iwe tamu.

Siku ya arobaini na tano aliwapima. Nusu kilo.

Phailin aliutazama mzani. Akawapima tena, labda wamenenepa. Kisha akachukua baiskeli.

Jioni ile sahani ilijaa kilo nzima ya nyenje waliokaangwa na majani ya ndimu. Mjomba alikula kimya, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Bibi akatafuna mmoja, akatabasamu. Akatafuna wa pili. Wa tatu akamtoa mdomoni, akamtazama.

"Wale wawili walikula boga," alisema. "Huyu kafa na tumbo limejaa chakula cha kuku. Phailin, huyu ni mtoto wa nani?"

"Labda alikuwa mtukutu, bibi. Aliiba usiku."

"Mjukuu wangu."

"Nusu ni wa sokoni," alisema Phailin, macho kwenye sahani. "Lakini nusu ni wangu, bibi. Nimewalea mwenyewe, na siachi hata ukinifukuza."

Bibi alifikiri huku akiwachambua wa boga kutoka kwa wengine.

"Nusu kilo, nusu karavati. Moja yako, moja ya vyura."

"Haki imetendeka!" alisema mjomba, akiisogeza sahani upande wake.

Bibi hakuondoa macho usoni pa mjukuu wake. "Na jambo lingine unalonificha?"

Phailin alisogea karibu na mlango.

"Mayai ya kizazi kijacho yanahitaji joto, bibi. Nimetafuta nyumba nzima, hakuna penye joto kama chini ya kitanda cha mjomba. Ni bakuli tatu tu. Yamekaa wiki sasa. Nadhani... nadhani yameanza kuanguliwa asubuhi."