Sifuri ya Mstari wa Pili

Mimi na sifuri hatukuwa na ugomvi wowote mpaka tulipofika kwenye kuzidisha tarakimu mbili kwa tarakimu mbili. Kabla ya hapo sifuri ilikuwa na adabu zake. Ukiijumlisha haikusumbui, ukizidisha nayo inafagia kila kitu, basi, unajua uko na nani. Halafu siku moja Mwalimu akaandika ubaoni arobaini na tatu mara ishirini na sita. Akazidisha kwa sita bila shida. Alipoanza mstari wa pili, kabla hata hajaigusa ile mbili, akatundika sifuri pale mwisho na kuendelea na safari yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilitazama huku na huku nione kama kuna mwingine aliyeshtuka. Wote walikuwa wananakili. Mwenzangu wa dawati, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, alikuwa ameshamaliza na kulipigia jibu mistari miwili kwa rula.

"Hiyo sifuri imetoka wapi?" nikamnong'oneza.

"Si umuulize mama yako," akasema.

Hapo ndipo penyewe. Mwalimu ni mama yangu. Darasani simwiti Mama, namwita Mwalimu, na yeye haniiti mwanangu, ananinyooshea chaki kama anavyowanyooshea wengine: "Wewe wa dirishani." Nyumbani, akishavua viatu vya kazini na kuvisukuma chini ya kitanda, ualimu umekwisha. Ni amri aliyoiweka nilipoingia darasa lake, asije mtu akasema ananipendelea. Kwa hiyo darasani siulizi, maana mtoto wa mwalimu akiuliza swali la kijinga habari hufika getini kabla yake. Nyumbani nako siulizi, maana nyumbani hakuna mwalimu. Sasa mtu kama mimi akaulize wapi?

Nikajaribu kuelewana na hesabu yenyewe, mimi na yeye tu. Sita mara arobaini na tatu, mia mbili hamsini na nane. Sawa. Mbili mara arobaini na tatu, themanini na sita. Nayo sawa, mbili ni ndogo kuliko sita, lazima jibu lake liwe dogo. Lakini ukishaweka ile sifuri, themanini na sita inageuka kuwa mia nane na sitini. Yaani mbili imeibwaga sita mchana kweupe, na darasa zima linaona ni jambo la kawaida. Niliifuta sifuri, nikairudisha, nikaifuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Kichwa kikaanza kuniwanga.

Kibaya zaidi ni kwamba majibu yangu yalikuwa sahihi. Nilifuata hatua kama nilivyoambiwa: zidisha, andika, beba, weka sifuri, zidisha, jumlisha. Nilipata vema kila hesabu, na kila vema iliniudhi, kwa sababu ilikuwa inanisifu kwa kitu nisichokijua.

Jioni moja ya wiki hiyo Mama alikuwa anapiga pasi blauzi yake nyeupe juu ya meza ya chakula, blanketi kuukuu likiwa limetandikwa chini yake. Alikuwa na mawazo, na nilijua kwa nini. Mama ni mwalimu wa muda. Ijumaa mwalimu mkuu angekuja kukaa nyuma ya darasa amsikilize akifundisha, na kutokana na hapo ndipo ingejulikana kama atapewa ajira ya kudumu au atamwaga unga. Mwaka jana walimwambia asubiri. Mwaka juzi pia walimwambia asubiri. Safari hii hakukuwa tena na habari ya kusubiri, kwa sababu nafasi ilikuwa moja na mwombaji mwingine alikuwa ameshapatikana.

Nikavunja amri. "Mama, ile sifuri ya mstari wa pili tunaiweka kwa nini?"

"Ualimu nimeuacha getini."

"Najua. Ila mbili inawezaje kuizidi sita?"

Mkono wake ukasimama. Pasi nayo ikasimama, mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kinachotaka kuungua. Akainyanyua haraka na kuisimamisha pembeni, akaitazama blauzi, akanitazama mimi.

"Sijui," akasema.

Nilidhani ananitania.

"Kweli sijui, mwanangu. Nilifundishwa hivyohivyo. Mstari wa pili, weka sifuri, endelea. Nikawa napata zote, basi sikuwahi kujiuliza, na hakuna aliyewahi kuniuliza." Akaigeuza blauzi upande wa pili na kuanza kunyoosha kola ambayo ilikuwa imeshanyooka. "Ijumaa tafadhali usiniulize hilo."

Niliingiwa na hofu ambayo sikuizoea. Ilikuwa kama kugundua kwamba dereva naye anawafuata abiria, na abiria wote macho kwa dereva. Kama Mwalimu hajui, na aliyemfundisha Mwalimu labda hakujua, basi hiyo sifuri nani aliiweka mara ya kwanza, na kwa idhini ya nani?

Ijumaa mwalimu mkuu alikuja kweli. Ni mtu mzima mwenye sauti ya chini, na aliketi kwenye dawati la nyuma lililomfinya mpaka magoti yakapanda juu. Mama alifundisha vizuri. Kisha akaandika tena arobaini na tatu mara ishirini na sita, akaninyooshea mimi chaki nije ubaoni, na nikaelewa kwa nini amenichagua: alijua nitafuata hatua zote bila kukosea, na alijua sitauliza.

Nilifanya. Mia mbili hamsini na nane, chini yake mia nane na sitini, jumla elfu moja mia moja kumi na nane. Nikaweka chaki.

"Safi," mwalimu mkuu akasema kutoka nyuma. "Hebu nieleze kidogo. Hiyo sifuri umeiweka kwa nini?"

Hakuwa na nia mbaya. Aliuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza njia. Nikamwangalia Mama. Alikuwa anaangalia viganja vyake vyenye vumbi la chaki. Niliuona unga wetu unavyomwagika.

"Mwalimu alitueleza jana," nikasema. "Mimi ndiye sikuwa nasikiliza."

Redio akaguna. Mwalimu mkuu akacheka, "Na huyu ndiye mtoto wa mwalimu," na darasa zima likaangua kicheko. Masikio yalinichoma, lakini moyoni nilijipongeza. Nimemwokoa, nikajisemea.

Mwalimu mkuu akakunja mikono. "Basi, Mwalimu, mweleze tena. Na mimi nisikie."

Hilo sikulifikiria. Nilidhani nimemtoa shimoni, kumbe mimi ndiye niliyemsukuma.

Mama akapangusa viganja. "Jana sikueleza kitu," akasema. "Aliniuliza nyumbani, nikamwambia sijui. Hapa anasema uongo kwa ajili yangu."

Nilimkasirikia mno. Uongo wangu mzuri, nilioutoa kwa aibu yangu mwenyewe, ameuchana mbele ya watu wote, tena mbele ya mtu aliyeishika ajira yake.

"Uliza swali lako," akaniambia. "Kama ulivyoniuliza."

Nikauliza. "Mbili inawezaje kuizidi sita?"

Mwalimu mkuu alifungua mdomo. "Ni kanuni," akasema, kisha akaufunga.

Mama akatugeuzia mgongo na kuutazama ubao. Halafu akainua kiganja, akaifunika sita ya ishirini na sita.

"Someni."

"Mbili," darasa likaitikia.

Akaondoa kiganja. "Someni."

"Ishirini na sita."

"Hamkusema mbili na sita," akasema polepole, kama anaongea na ukuta. Akaifunika, akaifunua tena. "Ikiwa na sita pembeni yake, hii si mbili. Hii ni ishirini. Muda wote huu tumekuwa tukizidisha kwa ishirini, na sifuri ni ya hiyo ishirini." Alipogeuka alikuwa anacheka, na macho yalikuwa yamelowa.

Redio akasema "Aaa," na wengine wakafuata, dawati kwa dawati. Mwalimu mkuu aliandika kitu, akafunga kalamu yake, akajikwamua kwenye dawati. Kengele ikalia.

"Umeelewa?" Mama akaniuliza.

Nilitazama ubao. Ishirini ni ishirini, hilo halina ubishi, lakini mimi nilikuwa naiona mbili ileile, imekaa palepale, na mia nane na sitini ni kubwa vilevile. Wote walikuwa wameshavuka, nimebaki ng'ambo peke yangu. Nilichotakiwa kusema ni ndiyo tu. Uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona siku nyingi, na nilitamani sana kutoigusa.

"Hapana," nikasema.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshafika mlangoni. "Mwalimu, kipindi kimekwisha. Twende ofisini tumalize suala lako sasa hivi, mimi nina safari."

Mama alikuwa ameshashika kifutio. "Mtoto hajaelewa," akamjibu bila kugeuka, akaanza kufuta ubao.