Mate Mekundu

Siku za mashine hospitalini nilikuwa narudi nyumbani kama nguo iliyokamuliwa ikasahaulika kwenye ndoo. Dada yangu Mya Sein alikuwa akinipokea mlangoni: "Karibu, mzee wa kuoshwa damu. Mbona hujatakata?"

Huyu ndiye aliyekubali kunipa figo yake moja, maana zangu mbili zilishachoka kazi. Sharti lake lilikuwa niache tambuu, yale majani ya kutafuna na popoo na chokaa. Nimetafuna tambuu tangu sharubu hazijaota, kama wanaume wote wa mtaa wetu hapa Mandalay. Ukuta wa nyuma ya nyumba una madoa mekundu ya mate yangu, utadhani umepakwa rangi na mlevi.

"Sikupi kiungo changu ukakiloweke kwenye popoo na chokaa," alisema. "Nikikukamata, figo nabaki nayo."

Nikaacha. Nikawa natafuna hasira tu.

Asubuhi moja napiga mswaki kando ya pipa la maji, nikatema. Mya Sein akachungulia dirishani.

"Ohn Kyaw! Hicho nini?"

"Mate."

"Mate mekundu hivyo? Umekuwa joka? Tambuu hiyo! Kalale na mashine yako!"

"Haki ya mama sijatafuna, dada."

"Mama mwenyewe ulikuwa unamdanganya."

Sikuwa na nguvu ya kubishana. Mtu wa mashine hata kukasirika kunamchosha. Nikakaa kwenye kigoda.

"Njoo uninuse," nikamwambia.

"Ninuse mzoga?"

Lakini alikuja, akanusa, akarudi nyuma akiziba pua. "Chokaa sinusi. Ila humo ndani kuna kitu kimekufa."

Akaleta bakuli jeupe. Nikasukutua, nikatema. Hata chembe ya popoo haikutoka. Nyuzi nyekundu tu zilielea kwenye maji.

"Hii damu," akasema, sauti imeshuka. "Miaka yote hii unatema damu?"

"Ningejuaje? Mate yote yalikuwa mekundu kwa tambuu."

Akanipeleka hospitali akiwa bado na kanga yake ya jikoni. Daktari wa meno, mama mmoja asiyecheka, alizigusa fizi zangu na kichuma, nikaruka.

"Zimeoza mpaka karibu na mfupa," akasema. "Fizi mbovu na figo mbovu hupenda kufuatana. Wadudu wa humu huingia kwenye damu, na mwili wako umechoka kuwazuia. Ukiwekewa figo ya dada, utakunywa dawa za kulaza kinga ya mwili ili isiikatae. Kinga ikilala, hawa wataamka. Upasuaji usubiri mpaka fizi zipone."

Usubiri! Maana yake mashine tena, na mashine tena. Nilitaka kulia, ila mtu wa mashine hata maji ya kunywa hupimiwa, ya kulilia ningeyatoa wapi?

Basi wakanikwangua, wakanisafisha, meno mengine yakang'oka bila kubembelezwa. Nikarudi nikila wali uliopondwa kama mtoto. Usoni nilikuwa nimebonyea.

"Bado utanipa?" nikamuuliza dada.

"Nilikataza tambuu, sikukataza vibogoyo."

Kila asubuhi akawa anasimama na bakuli lake. Mekundu. Mekundu kidogo. Ya waridi. Anayamwaga, nami naenda kwenye mashine.

Hadi asubuhi moja nikatema, akainama, akayatazama mpaka shingo ikaniuma kwa kumsubiri. Akalizungusha bakuli kwenye mwanga.

"Meupe," akasema.

Akaliweka chini, akatafuta kandambili zake.

"Vaa shati, kibogoyo. Twende kwa yule mama wa meno akuangalie, kabla sijaghairi."