Aliyemwosha Mathias

Mara ya nne Polikarp alipofika kituo cha polisi mjini Sumbawanga, hakuketi kwenye benchi. Alikuwa amechoka kukaa. Miaka mitatu alikuwa akiambiwa faili halionekani, mpelelezi kahamishwa, arudi Jumatatu. Safari hii alipokelewa na askari wa kike, Afande Coleta, aliyesoma maelezo yake yote kabla ya kusema neno.

"Hapa umeandika mlikuwa wawili."

"Mimi na Mathias, wote wa Kizwite. Tulikamatwa tukivunja mahindi ya watu, tukapelekwa shule ya maadilisho kule bondeni. Nilikuwa na miaka kumi na miwili."

"Na huo mkono?"

Polikarp alijaribu kuunyoosha. Kiwiko kikagoma nusu njia. "Ignasi, mlezi mkuu. Alitumia mpini wa jembe. Mathias naye alipigwa hivyohivyo, kisa kukojoa kitandani. Asubuhi tukaambiwa ametoroka."

"Huyo mzee yuko hai," alisema Coleta. "Ila bila shahidi, wakili wa serikali atanirudishia faili hili."

Wenzake wa shule Polikarp alikwishawatafuta. Wawili walikana hata kuwahi kufika huko. Wa tatu pombe ilikuwa imemmaliza. Alibaki mpishi wa shule, Gaudiosa, aliyesikika yuko Kirando.

Alimkuta ufukweni akigeuza dagaa waliokuwa wameanikwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliutazama mkono kabla ya uso. "Wewe ni Polikarp. Nilikuwa nakukanda kwa maji ya chumvi."

"Mama, Mathias alitoroka?"

Gaudiosa aligeuza dagaa kidogo, kisha mikono ikasimama.

"Hakutoroka. Mimi ndiye niliyemwosha. Walimzika nyuma ya bustani ya mchicha kabla hamjaamka. Ignasi akaniambia nikifungua mdomo, kazi sina, na wanangu watakula mawe."

"Miaka thelathini na miwili, mama."

"Hakuna aliyekuja kuniuliza."

"Kituo cha polisi ulikuwa unakijua kilipo."

Gaudiosa akarudia kugeuza dagaa. Polikarp alikuwa amedhani siku akiusikia ukweli atapiga kelele, pengine hata atamshika mtu koo. Badala yake aliketi mchangani kama mtu aliyetua mzigo asijue aupeleke wapi.

"Utayasema haya mbele ya afande?"

"Nitasema. Ngoja nianue dagaa kwanza, mvua inakuja."

Akainuka kumsaidia, kwa mkono ule mzima.

Gaudiosa aliandikisha maelezo siku mbili mfululizo, kisha akawaongoza polisi hadi nyuma ya ile bustani, ambayo sasa ilikuwa pori. Mifupa ilipatikana. Ignasi alifikishwa mahakamani akitembelea mkongojo, akasema hamkumbuki mtoto yeyote wa jina hilo. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Polikarp alifunga karakana yake ya baiskeli kila kesi ilipotajwa. Mwaka wa pili Jaji alimtia Ignasi hatiani kwa kuua bila kukusudia, akamfunga miaka kumi. Kuhusu mkono wa Polikarp hukumu haikusema kitu, kwani haukuwemo kwenye shtaka.

Watu walimpa pongezi nje ya mahakama. Yeye alitaka maji ya kunywa tu.

Mathias alizikwa upya Kizwite, jirani na mama yake, aliyekufa akiamini mwanawe ni mtoro aliyemsahau. Gaudiosa alikuja na kitenge cheusi, akasimama mbali na wafiwa. Watu walipotawanyika, alimsogelea Polikarp.

"Mwanangu, umenisamehe?"

Upepo wa Ufipa ulikuwa mkali, na yule mama alikuwa anatetemeka.

"Bado, mama," alisema Polikarp. "Lakini twende nyumbani ukaote moto. Basi la Kirando ni kesho."